Oili ya turbo kuukuu: maswali yenu ya mwezi huu

Maswali ya turbo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) yamekuwa mengi mpaka ya giaboksi na breki nimeyaweka kiporo. Wale mlioandika kwa hasira kuhusu mafundi wenu, nimewasoma. Mimi mwenyewe ni fundi, kwa hiyo baadhi ya hasira hizo zimenipata.

Nina Forester turbo ya 2003, imetembea kilometa 190,000. Fundi mmoja ananiwekea 5W-30, mwingine anasema hayo ni maji, niweke 20W-50. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kimara)

Kila mmoja ana nusu ya jibu. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake ikishapata moto wa nyuzi 100. Turbo inazihitaji zote mbili, maana shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye gari yako haikukalia beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, chuma kinasugua chuma.

Sasa, 20W-50 asubuhi inajivuta kufika kwenye turbo. Dar hakuna baridi ya kutisha, kwa hiyo haitakuulia injini kesho, lakini sioni sababu ya kuanza nayo. 5W-30 nayo si sumu, kiwandani waliipendekeza. Shida ni kwamba nyingi za siku hizi zimetengenezwa zipunguze ulaji wa petroli, hivyo zikiwa moto huwa nyepesi. Injini yenye kilometa 190,000, kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana na AC imewashwa, mimi naipa 5W-40. Mfuko ukibana, 10W-40. Geuza dumu, soma mgongoni: tafuta API SN au SP (daraja za ubora za Marekani), na kama kuna maandishi ACEA A3/B4 (daraja la Ulaya), vizuri zaidi, kwa sababu hiyo imepimwa ibaki na unene wake kwenye joto kali na msuguano mkubwa. Picha ya gari la mashindano iliyo mbele ya dumu haikusaidii kitu.

Mtaniambia kitabu cha gari ni cha Kijapani. Ni kweli, ila tarakimu ni zile zile. Fungua kurasa za nyuma, utakuta jedwali lenye mistari ya nyuzi joto na pembeni yake 5W-30, 10W-40 na wenzake. Hilo huhitaji mkalimani.

Kabla hujafunga boneti, muulize fundi wako kuhusu wavu. Baadhi ya injini za turbo za Subaru, bolti inayoshika bomba la kupeleka oili ina kichujio kidogo ndani, hakizidi ncha ya kidole cha mwisho. Nilitoa kimoja kwenye gari ya mteja kikiwa kimeziba kwa masizi magumu, kama ukoko wa kahawa iliyounguzwa chini ya sufuria. Nilipuliza kwa mdomo, hewa haikupita. Mwenye gari alikuwa akinunua oili ghali kuliko wateja wangu wote, lakini anaimwaga kila kilometa 10,000. Turbo ilikuwa imeshindishwa njaa huku injini imejaa oili nzuri. Turbo ya petroli ya umri huo imwagwe oili kila kilometa 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, na filta mpya kila mara. Kama hela ni ya kuchagua, nunua oili ya bei ya kati na uibadilishe mapema.

Hilux Surf yangu ina injini ya dizeli ya turbo, 1KZ-TE. Huku Njombe asubuhi inawaka kwa tabu. Naweka 15W-40. Na mbona oili inakuwa nyeusi siku ya pili tu? (Msomaji, Njombe)

Nianze na weusi: ni masizi ya dizeli, na kazi ya oili ni kuyabeba yasigande. Oili ya dizeli ya zamani ikibaki ya dhahabu wiki nzima ndipo ningeshangaa.

15W-40 ni sahihi kwa injini hiyo. Kwa baridi yenu ya Juni na Julai, 10W-40 au 5W-40 itaisaidia kuzunguka kwa wepesi, lakini kwanza pima plagi za kupasha moto na betri, maana mara nyingi kuwaka kwa tabu kunaanzia huko. Herufi za kutafuta ni zinazoanza na C: CH-4, CI-4 au CK-4. Zinazoanza na S ni za petroli, ingawa madumu mengi yanabeba zote mbili. Halafu injini hiyo inameza kama lita 7 pamoja na filta. Nimeona watu wakinunua dumu moja la lita 5 na kuondoka wameridhika.

Ni kweli sintetiki inavujisha injini kuukuu? (Msomaji, Morogoro)

Uvujaji ulikuwepo. Sili zilizokauka zilikuwa zimezibwa na uchafu, oili nzuri imeuosha. Badilisha sili.

Nimeambiwa nisizime gari ya turbo mara moja, nisubiri dakika tano. Ni lazima? (Msomaji, Iringa)

Inategemea umetoka wapi. Ukitoka sokoni polepole, zima, ingia ndani ukale. Lakini umepanda Kitonga na mzigo, ukasimama Ilula kununua vitunguu, usizime papo hapo. Upande wa moshi wa turbo umetoka kuwa mwekundu, na ukizima, pampu ya oili inasimama. Oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa ukoko, ule ule niliousema juu. Dakika moja au mbili za sailensa, injini ikinguruma bila kukanyaga, zinatosha, au endesha kilometa ya mwisho bila kukanyaga. Turbo nyingi za petroli zinapozwa pia na maji ya rejeta, kwa hiyo dakika tano ni kuchoma mafuta bure.

Gari inatoa moshi wa bluu asubuhi tu, kisha unaisha. Fundi anataka laki kadhaa abadilishe turbo. Nimpe? (Msomaji, Tanga)

Usimpe bado, dada yangu. Moshi wa kuwashia unaokata baada ya muda mfupi, mara nyingi ni sili za valvu. Mwambie avue bomba la hewa mbele yako, injini ikiwa baridi, ashike shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo kushoto na kulia, ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma kwa namna ya kuonekana, au mapanga ya feni yake yana alama ya kukwaruza ukuta, hapo turbo imekwisha. Aangalie pia bomba la kurudisha oili chini. Likiziba, oili hukosa pa kwenda na kupenya kwenye sili hata turbo ikiwa nzima. Na kama kweli inabadilishwa, asifunge mpya bila kubadilisha au kuzibua bomba la kuilisha. Oili nzito zaidi itapunguza moshi kwa muda, ugonjwa utabaki.

Nitatambuaje oili feki? Naipaka vidoleni lakini naona zote sawa. (Msomaji, Temeke)

Vidole havitakuambia. Angalia pete ya kifuniko kama haijakatwa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye dumu, na duka lenyewe: je, ni wakala anayetambulika na anakupa risiti? Nembo ya TBS nayo huchapwa na matapeli, isikutoshe peke yake. Na ukimaliza, toboa dumu lako. Madumu safi hununuliwa gereji ili yajazwe tena.

Kabla ya kuweka oili mpya, nisafishe injini kwa mafuta ya taa? (Msomaji, Mwanza)

Nilifanya hivyo zamani, kwenye gari ya mteja, nikijiona mjanja. Niliiacha injini ikinguruma dakika kumi. Mafuta ya taa yana wepesi usioweza kubeba shafti ile, na yaling'oa uchafu kwa mabonge. Jamaa hakufika mbali, turbo ikaanza kulia kama king'ora. Nililipa mimi. Ukiwa na uchafu mwingi, mwaga oili mara mbili kila baada ya kilometa 1,000, ujisafishe taratibu.

Nikiwa safarini oili imepungua, na dukani wana kampuni nyingine tu. Nichanganye? (Msomaji, Chalinze)

Ongeza, ilimradi namba zinakaribiana. Ukifika nyumbani, imwage yote.