Wakulima wamesema ndiyo, mbona mwalimu karudisha andiko letu?

SWALI: Kaka shikamoo. Tuko wanne, tunasoma chuo hapa Dodoma, tunataka kutengeneza aplikesheni ya kuwaunganisha wakulima wa zabibu wa Hombolo na wanunuzi. Tulipitisha dodoso, karibu wote wakasema wataitumia. Mwalimu karudisha andiko, eti tatizo hatujalijua. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi, poleni. Mliuliza "utaitumia?", sasa mgeni katoka mjini na makaratasi yake, ushampa kigoda akae, utamwambiaje hapana?

Rudini mkaulize yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho uliuza lini, nani alikuja, bei alitaja nani, zilipimwa na nini, zilizobaki zilienda wapi. Halafu mnyamaze, aongee yeye. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, hajasahau.

Kule Stanford, Marekani, kuna shule ya ubunifu inaitwa d.school, inachanganya wanafunzi wa uinjinia, biashara na wengine. Mwaka 2007 kundi moja la wanafunzi darasani wakapewa kazi ya kubuni inkubeta, ile mashine ya kuwatunzia joto watoto njiti, ya bei nafuu. Mmoja akaenda Nepal, akakuta hospitali ya mjini inkubeta zipo na zimekaa tupu, maana watoto njiti wengi wanazaliwa vijijini na mjini hawafiki. Basi wakaachana na inkubeta, wakatengeneza kitu kama begi la kulalia, ndani kuna kifuko cha nta, ukiipasha inatunza joto masaa kadhaa bila umeme, mama anakaa nayo hukohuko kijijini.

Mimi mwenyewe nilishaumbuka, ilikuwa aplikesheni ya vitunguu, Mpwapwa. Nimechora skrini zangu kwenye karatasi vizuri kabisa, bei za masoko zote zipo, mama mmoja akaishika, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Na lumbesa inakataliwa wapi hapa?" Bei anaijua kuliko mimi! Kinachomuumiza ni lile gunia linaloshonewa kilemba juu halafu linalipwa kama gunia moja. Miezi miwili ya kazi ikafia pale.

Kwa hiyo programu msiiguse kwanza. Mkishajua kinachowauma, mmoja wenu awe ndiyo hiyo aplikesheni kwa wiki moja ya mavuno, ana simu na daftari, mkulima anampigia, yeye anatafuta mnunuzi, anaandika kila palipokwama, hata kama ni usafiri au mtu hana vocha. Gharama ni nauli ya Hombolo na bando. Na lile dodoso msilitupe, mwalimu atalitaka.