Anza na Wanaoondoka: Niliyojifunza Nikiendesha Timu ya Mtaa Eastlands

Tulipanda daraja siku ya Jumapili pale uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, hapa Nairobi, kwa bao la dakika za majeruhi. Jumatano kocha akanipigia simu kuniambia amepata timu nyingine. Ijumaa kiungo wetu wa kati akabisha mlango wangu na barua ya kuomba kuachiliwa, tena imeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Mwezi haukuisha kabla wachezaji sita hawajaondoka. Msimu uliofuata tulishuka tukiwa na pointi kumi na nne, na mimi niliyebebwa mabegani na mashabiki hadi barabara ya Jogoo nikaanza kupita vichochoroni nikienda dukani kununua maziwa.

Kwenye karatasi niliitwa meneja mkuu. Katika timu ya madaraja ya chini, cheo hicho ni cha mtu anayetafuta nauli za matatu, anayebishana na marefa, anayetunza kadi za usajili za wachezaji kwenye bahasha ya kaki na kukumbuka kununua maji. Nilifanya kazi hiyo miaka 11. Siku hizi vijana wanaoanzisha timu hunitafuta, na karibu wote huuliza: nianze kusajili nani? Huwa nawaambia waanze na wale watakaoondoka.

Wengi hunitazama kana kwamba sijasikia swali. Lakini fikiria. Straika akifunga mabao kumi, ataondoka. Kocha akishinda, ataondoka. Akishindwa, mtamfukuza wenyewe. Mdhamini biashara ikiyumba ataondoka. Beki atapata kazi ya ulinzi Industrial Area, zamu ya usiku, na mazoezi ya asubuhi yatamshinda. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayekukosea. Mkosaji ni wewe meneja ukishtuka.

Baada ya kushuka nilinunua karatasi ya manila nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba tulichowekea jezi. Sikuandika kikosi. Niliandika majina kwa mpangilio wa nani ataondoka kwanza, na kando ya kila jina nani atavaa viatu vyake. Mara ya kwanza upande wa kulia wa karatasi ulikuwa mweupe karibu wote. Kipa wetu hakuwa na mtu nyuma yake. Beki wa kushoto alikuwa na mtu, ila mtu mwenyewe alikuwa na miaka 31 na goti lililovimba kila Jumatatu. Ndipo nikaelewa kwa nini tulianguka: tulikuwa na wachezaji kumi na mmoja na mashabiki wengi, basi.

Tukajiwekea kanuni kwamba kila nafasi iwe na watu watatu: mmoja uwanjani, mmoja benchi, na mmoja bado yuko shule. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, kwa sababu hakupi pointi Jumamosi hii. Ukimtafuta siku ile wa kwanza ameondoka, umechelewa miaka mitatu.

Sasa nikiri kosa langu kubwa zaidi, maana hapa ndipo nilipofunzwa na mtoto. Tulikuwa na winga wa miaka 20, mguu wa kushoto mtamu kama miwa. Timu ya Ligi Kuu ikamwita majaribio. Nikakataa kumpa barua. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mzee, hii ikinipita, nimepitwa na maisha." Nikamjibu amalize msimu kwanza. Hakumaliza. Aliacha kuja mazoezini, nikasikia yuko Gikomba anabeba marobota ya mitumba. Timu ile ikachukua winga mwingine. Sisi hatukupata bao hata moja kutokana na ukaidi wangu.

Hasara yenyewe niliiona baadaye. Vijana wengine waliokuwa wakitazama kisa hicho walijifunza kunificha. Zamani kijana akipigiwa simu na wakala au kocha wa timu nyingine, angeniambia, hata kwa kujigamba. Baada ya winga kila simu ikawa siri. Nikawa nasikia habari ya wachezaji wangu kwa kinyozi. Na meneja asiyejua nani anataka kuondoka hawezi kumwandaa wa kuchukua nafasi yake. Karatasi yangu ya manila ikawa ya ubashiri tu. Ilinichukua misimu miwili kurudisha imani, na njia ilikuwa kuwaachilia watu watatu waziwazi, mbele ya timu nzima, kwa makofi, na barua nikiwa nimeiandika mimi. Wa nne alikuja mwenyewe kuniambia miezi mitano kabla. Miezi mitano! Kwa muda huo unaweza kumfundisha mtoto wa shule kukaa kwenye nafasi.

Kama unadhani haya ni ya timu ndogo, watazame K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na ninayasema haya nikiwa shabiki wa wapinzani wao Ingwe, yaani AFC Leopards, tangu utotoni, kwa hivyo jueni yananiuma. Mwaka 2015 Gor Mahia walimaliza ligi bila kupoteza mechi, mbele yupo straika Michael Olunga. Olunga akaenda Djurgården ya Uswidi. Mwaka 2016 ubingwa ukaenda kwa Tusker, lakini mwaka huohuo Gor walikuwa wameshamleta Jacques Tuyisenge kutoka Rwanda kusaidiana na Mnyarwanda mwenzake, Meddie Kagere. Kagere naye akahamia Simba mwaka 2018, na ubingwa wa mwaka huo haukuondoka na yeye. Walibeba 2017, 2018, 2019 na 2020: mara mbili chini ya Dylan Kerr, mara moja chini ya Hassan Oktay, mara moja chini ya Steven Polack. Makocha watatu, makombe manne mfululizo. Ingwe yetu mara ya mwisho kubeba ligi ni 1998, na tangu hapo tumeajiri makocha wengi tukitarajia kila mmoja aje na timu mfukoni.

Ulaya mtu aliyeifanya kazi hii ikasifika ni Monchi, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Sevilla ya Uhispania. Klabu ilimuuza beki wake Sergio Ramos kwa Real Madrid mwaka 2005, na Mei 2006 ikabeba Kombe la UEFA. Ikalibeba tena 2007. Napenda kukumbuka kwamba Monchi mwenyewe alikuwa kipa wa akiba wa klabu hiyohiyo. Mtu aliyekaa benchi miaka mingi anajua kumtazama aliye nyuma ya mwingine.

Turudi kwa kocha aliyenipigia simu Jumatano. Alipoondoka aliondoka na daftari lake, kubwa, jalada gumu jeusi. Ndani yake kulikuwa na kila kitu: nani aliumia lini, nani anacheza vizuri akianza na nani anacheza vizuri akiingia, simu za wazazi, majina ya watoto aliowaona Kayole na Dandora. Lilikuwa mali yake, alilinunua kwa pesa yake, siwezi kumlaumu. Lakini miaka mitatu ya klabu ilipanda matatu ikaenda zake.

Kwa hivyo nunua daftari la klabu. Sh300 hivi, au tumia kompyuta kama unayo, mradi likae ofisini na liandikwe kila baada ya mazoezi na mtu ambaye si kocha mkuu. Sisi tulimpa kazi hiyo binti mmoja wa mtaani aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anajua mpira kuliko nusu ya kamati. Andika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, siyo "umri wa mpira", ule wa kupunguzwa. Andika dakika alizocheza. Andika majeraha. Na andika jambo moja ambalo makocha hulidharau: mchezaji anafanya nini siku tumepoteza. Yupo anayebeba mipira, yupo anayetupa jezi chini. Nimewahi kumwacha mfungaji mzuri kwa sababu ya kurasa tatu za jezi chini, na kamati ikanitukana, na sijajuta.

Daftari lina faida nyingine ambayo tuliikosa kwa uzembe wetu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15 kila mmoja ni asilimia 0.25 ya bei, ya 16 hadi 23 kila mmoja ni asilimia 0.5. Piga hesabu: kijana uliyemlea misimu minne, kuanzia miaka 14 hadi 17, akiuzwa kwa dola 100,000, fungu lako ni dola 1,500. Kwa klabu kubwa hiyo ni pesa ya chai. Kwetu ni nauli ya msimu mzima na jezi mpya juu. Kijana wetu mmoja alifika Ulaya. Hatukupata hata senti, kwa sababu misimu miwili ya kwanza tulimchezesha kwa kadi ya mtu mwingine. Ndiyo, tulifanya hivyo, kama timu nyingi tulizocheza nazo. Kwenye rekodi kijana yule hakuwahi kuwa wetu.

Pesa sasa. Mwaka 2017 mwaniaji wa kiti cha uwakilishi wadi alitukumbatia. Alileta jezi zenye picha yake, mipira kumi, na ahadi ya posho kila mechi. Miezi mitano tuliishi kama wafalme. Agosti akashindwa, na Septemba simu yake haikushika tena. Tulimaliza msimu tukiwa tumevaa uso wa mtu aliyeshindwa, na mashabiki wa timu pinzani wakawa wanaimba jina lake kila tunapofungwa. Nilicheka baada ya miaka.

Tusijione sisi tu. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iliposimamisha udhamini wake hapa nchini, Gor na Leopards zote mbili zilijikuta bila mdhamini mkuu siku moja ileile.

Dawa tuliyoipata haikuwa ya kishujaa. Vijana 24, nauli ya Sh100 kila mmoja, mazoezi mara tatu kwa wiki: hiyo ni Sh7,200 kabla ya tone la maji. Tukatafuta watu 40 wa mtaa, wenye vibanda, makanga, mwalimu mmoja, mama wa chapati karibu na uwanja, kila mmoja akituma Sh200 kila Jumatatu kwa M-Pesa. Ni Sh8,000. Akiondoka mmoja hatutetereki, na 40 hawaondoki siku moja. Na wana faida ambayo mheshimiwa hakuwa nayo: wanakuja kutazama mechi. Usiahidi mshahara ambao hauko tayari kwenye akaunti. Ahidi nauli, uilipe. Ukianza kuandika mikataba ya mishahara, jua kwamba tangu 2018 kanuni za FIFA zinampa mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba baada ya notisi ya siku 15. Hapo utapoteza mchezaji na pesa pamoja.

Kuhusu viatu, dawa za misuli na chakula cha kabla ya mechi, wengi wameandika vizuri kuliko mimi. Uji na mayai vilitutosha.

Kocha nitamgusa kwa kifupi. Muulize kabla hajasaini kama atakubali msaidizi uliyenaye. Akisema lazima aje na watu wake wote, mshukuru, mlipe nauli, endelea kutafuta. Msaidizi ndiye anayebaki Jumatano ile simu ikipigwa.

Na subira. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 na watoto waliokuwa wakisafisha mitaa yao ili wacheze. Timu yake, Mathare United, ikazaliwa 1994. Ubingwa wa ligi wakaupata 2008. Ni miaka 21 tangu takataka ya kwanza kuokotwa. Kamati yangu ilikuwa ikinipa miezi minane.

Nilisahau kusema jina la kwanza kwenye karatasi ya manila lilikuwa la nani. Mwaka wa kwanza lilikuwa la winga. Mwaka wa sita binti wa daftari alilifuta, akaandika langu, na upande wa kulia akaacha wazi. Nilikasirika siku mbili, kisha nikachukua biro nikajaza jina lake. Ndiye meneja sasa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwatazama. Namba nane alikuwa kijana mwembamba ambaye sijawahi kumwona, anapiga pasi kama mtu anayegawa sukari wakati wa njaa. Nikamuuliza meneja ni nani yule na ametoka wapi.

"Yuko kwa daftari, Mzee," akasema, macho hayajatoka uwanjani. "Ukurasa wa pili. Ulimwandika wewe, akiwa darasa la sita."