Izungushe tanzanaiti mkononi kabla ya kuilipia

Pete yangu ya kwanza ya tanzanaiti ilipasuka mikononi mwa sonara ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliitumbukiza katika mashine ya kusafishia vito kwa mitetemo, kama alivyozoea kufanya kwa yakuti, na ilipotoka jiwe lilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo.

Baadaye nilielewa sababu. Tanzanaiti ni zoisaiti, aina ya madini, iliyopata rangi kutokana na metali iitwayo vanadi, na umbo lake la ndani lina upande mmoja ambao jiwe hupasuka kwa urahisi likigongwa, likitetemeshwa au likibadilishiwa joto ghafla. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, ilhali yakuti samawi ina 9, na kwa kuwa vumbi la kawaida huwa na chembe za kwazi, madini ya mchangani, zenye ugumu wa 7, kulifuta jiwe kwa kitambaa kikavu chenye vumbi kunatosha kulikwaruza. Ndiyo maana ninashauri hereni au kidani kuliko pete ya kuvaliwa kila siku.

Unaponunua, litazame jiwe nje, kwenye mwanga wa mchana, kisha ulizungushe polepole. Tanzanaiti halisi huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, lakini kioo hubaki na rangi ileile. Hata hivyo, aiolaiti, kito kingine cha buluu, nayo hubadilika rangi, hivyo jiwe la bei kubwa lipelekwe maabara ya vito.

Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, ndipo yakachomwa kwa joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Uchomaji huo ni wa kawaida na rangi yake haipauki. Anayedai jiwe lake halijachomwa akuonyeshe cheti.

Muulize pia lilikotoka. Mgodi wa tanzanaiti unaojulikana duniani ni Mirerani pekee, wilayani Simanjiro, Tanzania, ambako ilitambuliwa mwaka 1967 na ambako tangu 2018 pamezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, hivyo muuzaji anayetaja nchi nyingine hafai kuaminiwa.

Kidani changu cha sasa nakiosha mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo, na sonara yeyote nikimpelekea, namwambia mapema asikitie mashineni wala asikipitishe kwenye mvuke.