Barua kwa mwanangu: wakifanya kama lao, utavumilia?

Mwanangu Lusajo,

Ndaga fijo, asante sana, hela ya mbolea imefika. Umeuliza ufanye nini ili vijana wa dukani kwako Makambako wafanye kazi kama duka ni lao, maana ukisafiri kila kitu kinalala. Mimi nakuuliza kwanza: wakifanya kama lao, utavumilia?

Unaikumbuka mashine ya mpunga ya Igurusi nilikokuwa karani. Bosi alikuwa hachoki kutuambia, "Jamani, mashine hii ni yetu sote." Basi msimu umepamba moto, magunia yamefika hadi barabarani, mkanda ukakatika. Yeye yuko Dar, hapatikani. Wateja wakaanza kuhamishia mpunga wao kwa jirani. Nikachukua hela ya mauzo, nikamtuma fundi Mbeya, jioni tukakoboa. Risiti nikaibana kwenye daftari. Aliporudi hata hakuitazama. "Nani kakuruhusu kushika hela yangu?" Mbele ya wapakiaji, Lusajo! Bei ya mkanda nikakatwa kwenye mshahara. Mpaka leo basi likipita Igurusi nageukia upande wa pili.

Sawa, hela ilikuwa yake. Na karani aliyenitangulia alimwibia pumba kwa magunia, hofu yake naielewa. Lakini mkanda ule ule ndio uliomkobolea msimu mzima, na hakutupa hata kilo ya chenga! Mwenye mali ni yule anayeamua. Baba yako amechoka kunisikia nikisema hivyo, lakini nasema.

Babu yako naye, enzi za kiwanda, alikuwa na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala, kichwani, hasa ile ibara ya 15 inayomkataza kiongozi majivuno na uonevu. Walikuwa na baraza la wafanyakazi, wakijadili hadi usiku. Kesho yake saini ya kutoa hela ilikuwa bado ya meneja. Mwenye mali ni yule anayeamua, unaona?

Uwape sehemu ya faida, au uwawekee kiwango wanachoweza kutumia bila kukupigia simu, hapo siingii. Duka ni lako. Ila hotuba, mimi nisingeanza nayo. Haya, nimeshaingia.

Halafu yule kijana uliyemtaja kwa mkato tu, aliyemkopesha mkulima mbegu za viazi bila kukuuliza, na mkulima akalipa zote: umemfanyaje? Hukuandika.

Mama yako