Kwa mnaoanza kazi na wakulima wa zabibu za brandi kule Cognac

Vijana wa kilimo mnaokuja kuanza kazi au stagi (mafunzo kazini) huku Cognac, Ufaransa, kabla hujafungua mdomo kuhusu mazingira jua kwanza mvinyo wa huyu mkulima unaenda wapi. Haunyweki mezani ule. Unapikwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba mpaka itoke spiriti ya asilimia 70 na kitu, na lita kama 9 za mvinyo ndo zinatoa lita 1, kwahiyo kasoro yoyote ndogo inatoka imekolea. Ndo maana wanataka mvinyo mwepesi, mchachu, alkoholi asilimia 9 hivi, na hawautii salfa ya kuutunza. Sasa bila salfa, zabibu zikifika zimeoza hakuna ujanja. Ukimkuta mzee anapulizia dawa tena na tena mwezi wa 5 na wa 6 usikimbilie kumwona mkaidi, mvua za Atlantiki zinaleta magonjwa ya ukungu (fangasi) na karibu mizabibu yote ni aina moja, Ugni Blanc.

Halafu kuna wale wa "si ahamie oganiki tu". Oganiki nao wanapiga mrututu, dawa ya shaba, jamani! Mvua ikinyesha unaoshwa, trekta linarudi tena shambani, na shaba inabaki kwenye udongo, Ulaya wameweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Mimi naanzaga na bomba la kupulizia. Kagueni nozeli, presha, spidi ya trekta, maana majani yakiwa bado machanga dozi kubwa inaishia hewani na chini, na yale mabomba yenye kuta mbili zinazoukumbatia mstari yanadaka dawa iliyopita na kuirudisha kwenye tanki, mkulima anaona kwa macho yake kiasi alichokuwa anamwaga bure. Hapo hujamwongezea hatari yoyote, na ndo ataanza kukusikiliza.

Magugu sasa, hapa wengi wanateleza. Kuacha dawa ya magugu sawa, palizi ya trekta chini ya mizabibu ipo ingawa inakula mafuta na muda, lakini usimwambie aache nyasi kila mahali. Nyasi zinagombania maji na naitrojeni, juisi ikikosa naitrojeni inachacha kwa kusuasua, na kumbuka hakuna salfa ya kuuokoa huo mvinyo. Na hesabu yake iko kwenye lita za alkoholi kwa hekta, sio kwenye picha nzuri za shamba. Kinachokubalika ni kupanda maharage ya faba na shayiri baada ya mavuno, mstari mmoja unapandwa wa pili unaachwa, halafu mnalaza au mnafyeka masika kabla hayajamaliza maji. Shamba moja kwanza, lile analoliona akiwa jikoni kwake ikiwezekana.

Ugonjwa wa flavescence dorée usiuletee falsafa. Unasambazwa na kadudu kadogo karukako, sheria inalazimisha kupulizia kwa tarehe za serikali na mizabibu iliyoambukizwa inang'olewa. Wewe ingia mistarini mwisho wa kiangazi, tafuta majani ya njano yaliyojikunja, maana msako ukiwa mzuri ndo idadi ya kupulizia inaweza kupunguzwa.

Karatasi za vyeti vya mazingira nazo, HVE (cheti cha Ufaransa cha kilimo kinachojali mazingira) na kile cha Cognac wenyewe, kaa nae mzijaze. Kampuni zinazonunua zinavitaka na yeye hizo fomu zinamchosha kuliko trekta.

Mwisho, ratiba. Aprili usipige simu usiku wa baridi kali, baada ya jalidi ya 2021 watu hawalali. Septemba ni mavuno, achana nao. Ila wenye mtambo wao wanapika mpaka 31 Machi, mchana na usiku, na kupika kwenyewe zaidi ni kusubiri, kwahiyo nenda muda huo na ramani ya shamba mpange mistari ya faba ya msimu unaofuata.