Virusi havionekani: je, nitamwambukiza mchumba wangu?

Dada yangu wa Kongwa, umeuliza kama utamwambukiza mchumba wako, ilhali unameza ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani VVU) mwaka wa tatu sasa na CTC, kliniki ya VVU, wamekuambia virusi havionekani kwenye kipimo cha damu. Hapana, hutamwambukiza kwa kujamiiana, mradi umeze dawa kila siku na vipimo vibaki hivyo. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya ulitoa mwaka 2016 matokeo ya jozi 888 za wenza, mmoja ana VVU na virusi vimefubazwa hadi chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu. Walijamiiana bila kondomu zaidi ya mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Nenda naye kliniki asikie kwa mhudumu, naye apime. Kondomu bado inakinga kaswende na kisonono.

Hilo la mke wa kaka yako kukutengea kikombe limeniuma sana. VVU haviambukizwi kwa kikombe wala ugali wa sinia moja, hata kwa asiyetumia dawa. Kaka yako amwambie hivyo, tena mbele yako.

Na vile vidonge unavyofunga kwenye karatasi ili kopo lisilie ndani ya basi la Dodoma, virudishe koponi, maana karatasi hupitisha unyevu. Usiweke pamba ndani, nayo huvuta unyevu; zungushia kopo khanga ndani ya mkoba, sauti itapungua.