Likizo ya Novemba: senene au urojo?

Mkuu, umeuliza wiki yako moja ya Novemba uende wapi kutokea hapa Dar ule vya kwao kwelikweli, mi ningekuwa wewe ningepiga Bukoba moja kwa moja, ndo msimu wa senene huo, wale panzi wa kuliwa, unawakuta wamama sokoni wananyonyoa mbawa na miguu, na kwenye kikaango senene wala hawataki mafuta mengi maana wana yao, chumvi tu basi. Nauli ikibana panda boti bandarini uende Unguja. Urojo, ule mchuzi mzito wa kwao, kula mchana huko mitaani, bakuli lijae bhajia, kachori, mishkaki na chipsi za muhogo juu, ukali wa embe ukupige puani. Forodhani, pale wanapouza vyakula usiku, bei za watalii zile, nenda utembee tu.